Mzee kasema hajambo, mapigo 118

HAMISI: Haya wadau tumerudi, mkisikia kelele ni bodaboda, leo tumekaa barazani Mikindani maana ndani hakukaliki kwa joto. Niko na dada yangu Somoe, nesi wa wodi ya upasuaji wanaume. Dada, mada ya leo nimeileta mimi. Mjomba wangu wa Newala hatimaye kakatwa busha. Kakaa nalo miaka, kila mwaka ngoja korosho ziishe, zikiisha ngoja msimu ujao.

SOMOE: Wote ndo hivyo hivyo! Huku Kusini busha mtu analificha kwenye kanzu mpaka kanzu yenyewe imkatae. Alafu wanadhani linaletwa na kunywa madafu. Siyo madafu jamani, ni mbu, anakuachia minyoo myembamba kama uzi inakaa kwenye mirija ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, miaka na miaka. Zile dawa za kingatiba, zile wanazogawiwa watu wote mitaani, ivermectin na albendazole, zinapunguza maambukizi ila busha likishajaa haziliondoi, hapo ni kisu.

HAMISI: Sasa mimi nilikaa nae usiku ule wa kwanza, nikaona nesi kila saa anakuja, anashika mkono, anaangalia saa, anaondoka. Nikasema huyu dada vipi, si amuache mzee alale?

SOMOE: Mshukuru sana huyo. Akitoka tu tieta, chumba cha upasuaji, tunampima kila dakika 15 saa la kwanza, alafu nusu saa, alafu unaongeza nafasi kadri anavyotulia. Kuna wengine, na nasema kwa uchungu maana na mimi nilipokuwa mwanafunzi nilifanya, wanajaza chati wamekaa mezani, pumzi 20, pumzi 20, pumzi 20, wodi nzima watu 30 wanapumua sawasawa kama wanaimba kwaya.

HAMISI: Hahaha aisee!

SOMOE: Pumzi unahesabu dakika nzima, na usimwambie mgonjwa kama unahesabu maana ukimwambia tu anabadilisha. Shika mkono kama vile bado unapima mapigo, macho yako yako kifuani. Mtu mzima katulia ni 12 mpaka 20. Ikianza 26, 28, kuna kitu, hata kama anakuchekea.

HAMISI: Ila presha si ndo kila kitu? Mimi nikisikia presha nzuri nalala.

SOMOE: Hapo ndo watu wanapotea. Nikupe kisa kimoja, hospitali siitaji. Mzee katoka kukatwa busha, jioni presha 110 kwa 70, kila mtu kafurahi. Mimi naingia zamu ya usiku nakabidhiwa kitanda kwa kitanda, mzee shikamoo, marahaba mwanangu, hujambo? sijambo. Namshika mkono, wa baridi, umelowa jasho. Mapigo 118. Nikafunua shuka, bendeji kavu kabisa, nyeupe pee.

HAMISI: Sasa si nzuri hiyo?

SOMOE: Subiri. Bendeji kavu lakini mfuko wenyewe wa korodani umevimba, umekaza, unang'aa. Damu inavujia ndani. Ile ngozi inatanuka bwana, inapokea damu nyingi nje hauoni tone. Na mwili unaficha, mtu mzima ana damu kama lita tano, anaweza kupoteza zaidi ya lita presha ikawa bado haijashuka, moyo unakimbia kufidia. Kwaiyo ukingoja presha ishuke ushachelewa. Nikampigia daktari, nikampa namba kwa mpangilio, mapigo yalikuwa 84 saa kumi na mbili sasa 118, dripu ikafunguliwa, damu ya grupu yake ikatafutwa, akarudishwa tieta usiku ule ule. Akapona. Ila sasa kama mgonjwa anakunywa atenolol, dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo, mapigo yanaweza yasipande hivyo, ndo maana mkono ule wa baridi usiudharau.

HAMISI: Mjomba yeye alihangaika mpaka nikaogopa, anageuka, anatukana, nikasema maumivu haya apewe sindano.

SOMOE: Alishakojoa?

HAMISI: Eh? Ndo nesi nae aliuliza hivyo hivyo!

SOMOE: Kwasababu ganzi ya mgongoni inalaza na kibofu, hakisikii kimejaa. Masaa sita mpaka nane hajakojoa, weka mkono chini ya kitovu, ukikuta kama embe bolibo limekaa pale, hayo siyo maumivu ya kidonda. Ukimpa sindano ya maumivu anasinzia kibofu kinazidi kujaa. Kwanza tunamsaidia akae au asimame pembeni ya kitanda, akishasikia miguu yake lakini, tunafungulia bomba asikie maji, na ndugu watoke, maana mzee wa Kimakonde atakojoaje wajomba wote wanamtazama? Ikishindikana ndo mpira wa kutolea mkojo.

HAMISI: Kweli tulitolewa nje, dakika kumi mzee anaitisha uji.

SOMOE: Umeona. Na sukari walimpima kabla? Wazee wengi tunawagundua na kisukari siku hiyo hiyo ya kulazwa, kidonda cha mwenye sukari juu kinachelewa kufunga, kinaoza upesi. Kidonda kikiwa chekundu, cha moto, kinanuka, homa juu, asikae nyumbani anapaka majani. Na avae chupi ya kubana inyanyue mfuko, bukta pana aweke kabatini.

HAMISI: Kazi je? Anaulizia shamba.

SOMOE: Kazi nzito wiki kadhaa hapana, mpaka aliyemkata akione kidonda.

HAMISI: Na baiskeli?

SOMOE: Baiskeli?! Kwenye kile kiti? Hamisi!

HAMISI: Basi ngoja nimpigie sasa ivi, asubuhi alisema anaenda Kitangari.