Kabla ya Kumwandikia Binti Mapenzi, Hesabuni Ng'ombe

Mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumzie riwaya za mapenzi za enzi ya ukoloni, na wengi wenu mnajua nitakachosema, maana nakisema kila ninapopewa kipaza sauti. Nitakisema tena. Miswada ninayoletewa ina binti yuleyule. Yuko kijijini, hajitambui, mpaka atokee mwanamume aliyevaa viatu: karani, mwalimu wa misheni, mara nyingine Bwana Shauri mwenyewe, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni. Anafundishwa kusoma, anapendwa, anajitambua. Ng'ombe hawamo. Njaa haimo. Shangazi zake hawamo. Jamani, huyo ni binti wa wapi?

Chukueni Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, ya mwaka 1919. Vita vya Kwanza vya Dunia vimepita hapa. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, kila moja kwa zamu yake, yamechukua mifugo na nafaka, na wanaume wametwaliwa upagazi. Mafua ya mwaka 1918 yameua. Mvua zimekataa. Hiyo ndiyo Mtunya, ile njaa kuu, na wengi humu tuna bibi aliyeitaja.

Sasa mwekeni binti hapo. Amekwisha kuposwa, na ng'ombe wa posa walikwisha kufika zizini kwa baba yake. Mchumba katwaliwa upagazi, hajarudi. Ng'ombe nao wamekwenda na jeshi. Yeye ni mke wa nani? Wakwe wakija kudai, baba atarudisha nini? Wakati huo familia nyingine ziliweka watoto rehani kwa wenye chakula ili wapone. Tuseme na binti wetu kapelekwa kwa mwenye akiba ya uwele. Anasaga nafaka ya watu, anakula kwa watu, na kijana wa nyumba ile anaanza kumsemesha kwa upole. Je, anampenda, au anaipenda shibe? Yeye mwenyewe anajuaje? Mvua zikirudi, baba akaja kumkomboa, atataka kukombolewa? Binti anayelala na maswali hayo hahitaji Bwana Shauri aje kumwamsha.

Mtaniambia msomaji anataka mapenzi, hataki historia ya mifugo. Nami nawauliza: mapenzi bila gharama yanamshika msomaji kwa kitu gani? Mwingine atasema nikitaja mahari namgeuza mwanamke bidhaa. Hapana. Mahari ya Kigogo haitoki kwa mtu mmoja. Wajomba na ndugu wanachangia, na upande wa binti vilevile wanagawana. Waingereza walipowapa watemi, yaani machifu, mabaraza yao, kesi za mahari zilisikilizwa humo. Fikirini mwanamke anayetaka kumwacha mume. Ng'ombe watadaiwa, na kwa ng'ombe walewale kaka yake alikwisha kuoa. Akiondoka, anatikisa ndoa ya kaka, na wifi anayempenda huenda akarudishwa kwao. Anakaa jikoni anamtazama wifi yule akisonga ugali, na jibu analo moyoni. Mkiniandikia kurasa 20 za jiko hilo, nitazisoma zote usiku mmoja. Lakini mnakimbilia kumpandisha farasi wa mzungu!

Mratibu ananionyesha saa, kwa hiyo haraka haraka. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Ukimtorosha binti wako kwa treni mwaka 1905, umeharibu. Misheni: Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa Mvumi, hapa Ugogo, tangu mwanzoni mwa karne ile, na sikatai kwamba kusoma kulifungua milango. Ila uamuzi wa kwenda uwe wake. Tuonyesheni alichokikimbia na aliyemlilia nyumbani. Lugha: nyumbani kwao anasema Kigogo. Kiswahili anajifunza stesheni, sokoni, kanisani, na kuna mambo hawezi kuyasema kwa Kiswahili mbele ya mpenzi asiyejua Kigogo. Hilo peke yake ni sura nzima. Na ngoma ya muheme wanapiga wanawake, tafadhali, msimwandikie shujaa wa kiume akiwaongoza.

Nilitaka kufika Kongwa, kwenye mradi wa karanga wa mwaka 1947, ambako mshahara wa kijana ulianza kushindana na zizi la baba yake. Muda umekwisha. Mwenye mswada wa Kongwa anifuate nje tuuzungumze. Maswali sasa, na tuanze na akina dada.