Lacock: Kijiji Chenye Mwenye Nyumba Mmoja

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tupo Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza, kijiji cha Lacock. Ukiingia pale utadhani umeme haujafika. Hakuna nguzo, hakuna waya, hakuna antena juu ya mapaa.

BARAKA: Umeme upo, dada, nyaya zimefukiwa. Ndiyo maana watu wa filamu wanapang'ang'ania. Wanaondoa magari, wanamwaga udongo juu ya lami, umerudi karne ya 18.

ZUHURA: Sasa vijiji vya jirani vimebadilika, hiki kimesalimikaje?

BARAKA: Mwenye nyumba ni mmoja. Mimi jibu langu ndilo hilo.

ZUHURA: Fafanua basi.

BARAKA: Mwaka 1232 mjane mmoja wa kikabaila, Ela wa Salisbury, alianzisha abasia ya watawa wa kike, akawapa na kijiji. Baadaye yeye mwenyewe akawa mkuu wao. Wanakijiji wakawa wapangaji wa watawa, na kodi walilipa kwa nafaka, ngozi na sufu. Ghala lililopokea mali hiyo bado limesimama, la karne ya 14.

ZUHURA: Halafu akaja mfalme Henry VIII na kufunga nyumba za watawa.

BARAKA: Lacock ilifungwa 1539. Akanunua William Sharington, akabomoa kanisa la abasia, kumbi za watawa akazigeuza makazi yake. Kwa ndoa mali ikaingia ukoo wa Talbot, na mwaka 1944 Matilda Talbot akaikabidhi yote, jumba na kijiji, kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza urithi. Umeona? Wenyewe wanabadilika, wapangaji wanabaki wapangaji!

ZUHURA: Usimruke babu yake Matilda. Mimi nilikuja kwa ajili yake.

BARAKA: Haya, mtaje.

ZUHURA: William Henry Fox Talbot. Agosti 1835, ndani ya jumba hilohilo, alipiga picha ya dirisha kwa kijisanduku cha mbao. Negativu yake, yaani picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, ipo hadi leo, kadogo kama stempu, na ndiyo ya zamani kuliko zote zilizosalia. Mkewe Constance alivibeza vile visanduku, akaviita mitego ya panya!

BARAKA: Lakini Daguerre wa Ufaransa ndiye aliyetangulia kutangaza njia yake ya kupiga picha.

ZUHURA: Januari 1839, sawa. Ila picha ya Daguerre ilikuwa moja tu, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Kwa njia ya Talbot, negativu moja inazaa nakala upendavyo. Studio zetu zote za picha za enzi za filamu zilikula kwa njia hiyo. Makumbusho yake yako langoni mwa abasia.

BARAKA: Na huduma nyingine? Mtu haishi kwa makumbusho.

ZUHURA: Kuna shule ya msingi, kanisa la St Cyriac, duka la mikate, na baa za kale. The George Inn wana gurudumu pembeni mwa meko. Zamani mbwa aliwekwa humo akimbie, nyama igeuke motoni.

BARAKA: Maskini, anainusa tu! Na walevi je?

ZUHURA: Walikuwa na kijichumba cha mawe, wanafungiwa humo mpaka pombe iwatoke. Kipo karibu na ghala.

BARAKA: Ungeishi pale?

ZUHURA: Kesho asubuhi!

BARAKA: Mimi hapana. Nyumba nyingi ziko kwenye orodha ya urithi, dirisha hubadilishi bila kibali. Na Jumamosi unakunywa chai, mtalii anakuchungulia.

ZUHURA: Funga pazia, kaka.

BARAKA: Kwa anayetaka kwenda: treni inakufikisha Chippenham, kisha kilomita 5 hivi kwa basi. Ukiwa na gari, liache kwenye maegesho ya nje ya kijiji. Kuingia jumba la abasia ni kwa tiketi. Kuzunguka mitaani ni bure.