Kabla Hujashika Drili: Orijino ama Kisasa kwa Supakaa za Zamani

Hamjambo wote, karibuni, wale wa nyuma sogeeni huku mbele viti viko, na huyo kijana wa grainda tafadhali zima kwanza tusikizane.

Leo tunaongea kama gari ya zamani uiache orijino ama uiweke vitu vya kisasa. Wengi mmeniuliza tangu Jumatatu, fundi, supakaa, yale magari ya kasi na ya bei ghali, na Nakuru wapi na wapi, kutoka Lanet mpaka Njoro nani ako na Ferrari? Sawa, ni ukweli. Lakini 1975 kuna gari inaitwa Lancia Stratos ilikuja hapa Kenya kukimbia Safari Rally, na injini yake ilikuwa ya Ferrari, ile V6 (silinda sita) ya gari yao ya Dino, ya lita 2.4, iko nyuma ya dereva. Dereva wake Munari akamaliza namba mbili. Na namba moja mnajua ilikuwa gari gani? Peugeot 504! Ndio, hiyo hiyo ya matatu za babu zenu. Kwa hivyo msiniambie hii stori si yetu.

Na kwa sababu nimetaja 504 wacha nianze na dhambi yangu. 2009 mzee mmoja aliniletea 504 yake safi kabisa, dashibodi haina hata mkwaruzo, akataka redio ya CD, na mimi nikiwa na haraka nikachukua drili nikapanua shimo, waya za zamani nikakata nikatupa. Redio ikaimba, mzee akafurahi, akanilipa na soda juu. Miaka kadhaa baadaye mnunuzi akatoka Nairobi na pesa taslimu, akazunguka gari, akafungua boneti, akalala chini akaangalia chasisi, anatingisha kichwa vizuri tu, alafu akaingia ndani akaona redio, akaivuta ikatoka, akaingiza vidole viwili kwa lile shimo. Akasema asante mzee, akaenda. Hakurudi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwa mlango na sikuwa na mahali pa kuangalia.

Sasa chukua hiyo hesabu uipeleke kwa Ferrari F40. Hii ilitoka 1987, Ferrari ikisherehekea miaka 40, na ndio gari ya mwisho Enzo Ferrari mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, aliipitisha kabla afariki 1988. Turbo mbili, silinda nane, nguvu farasi 478, na ndani hamna kitu. Hakuna pawa stiaringi, hakuna ABS ya kuzuia breki zisikwame, hakuna redio, hakuna kapeti, mlango unafungua kwa kuvuta kamba, za kwanza kwanza hata dirisha ni plastiki ya kusukuma na mkono. Kuna tajiri atanunua hiyo gari leo alafu aanze kusema usukani ni mgumu, nifanyie pawa. Mimi nitamwambia mheshimiwa, ule ugumu ndio umenunua. Walitoa hivyo vitu makusudi ili iwe nyepesi na usikie barabara kwa mikono yako, ukivirudisha umebaki na gari ya kelele tu.

Lakini hiyo hiyo F40 nyingi zilitoka na tangi la petroli la mpira, kama mfuko hivi, na mpira una umri wake. Hapo usiniletee mambo ya orijino. Tangi limeisha, weka jipya, kwisha. Lamborghini Miura pia, ile ya 1966, V12 imelala kwa upana nyuma ya viti, kabureta zake za Weber zinajulikana kumwaga petroli gari ikiwa imesimama kwa jam injini ikinguruma, inakusanyika pale juu, cheche moja tu na ziko kadhaa zimeungua hadi chini. Majivu hayana namba ya chasisi jameni. Badilisha paipu, weka feni nzuri, weka pointi za elektroniki ndani ya distribiuta, ile inagawa moto kwa plagi, mahali hakuna mtu anaona, na zile za zamani ufunge kwa karatasi uandike zimetoka wapi uweke kwa boksi. Hilo boksi likae na gari mpaka gari iuzwe. Hata hapa kwetu petroli ya risasi, yaani yenye madini ya ledi, iliisha 2006, injini nyingi za zamani zilitegemea hiyo risasi kulinda siti za vali, ukifungua hedi weka siti ngumu na hakuna jaji yeyote wa maonyesho ya magari duniani atalia.

Naona mkono. Ndio? ... Anauliza, na zile Porsche 911 za Singer? Swali nzuri. Hao watu wako California, wanachukua 911 aina ya 964, za 1989 hadi 1994, wanavua kila kitu, bodi inakuwa ya kaboni, injini inajengwa upya, saspenshoni mpya, alafu inarudi ikifanana na 911 ya zamani kuliko hata ilivyokuwa. Wengine wanaona ni kufuru. Mimi sioni shida, 911 ziko nyingi. Lakini McLaren F1 zilijengwa 106 pekee, Ferrari 250 GTO ni 36, hizo ukishika drili unaitoboa dunia nzima. Na hiyo McLaren, hii itawachekesha, mafundi wake walikaa miaka mingi wakitegemea laptopu ya Compaq ya miaka ya 90 ndio iongee na gari, ikifa wanatafuta ingine ya mtumba, yaani gari ya mamilioni ya dola inangojea kompyuta ya kuokota. Moja iliuzwa mnadani Marekani 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20, ikiwa imetembea kama kilomita 390 tu tangu izaliwe. Hiyo ni Nakuru–Nairobi, kurudi, na kidogo juu. Orijino kabisa, lakini kusema ukweli mimi niliihurumia.

Sasa turudi kwa Stratos maana hapo ndio mimi mwenyewe nilikosa usingizi. Zile za Safari ziliwekwa bulbaa mbele, yaani vyuma vya kukinga gari, zikainuliwa juu kwa sababu ya mawe na matope yetu. Kiwandani hazikutoka hivyo. Leo ukiipata moja, orijino ni gani? Kuna mtu ataitoa bulbaa airudishe chini ili ifanane na picha ya katalogi, na mimi nasema huyo ameharibu, kwa sababu hiyo bulbaa ndio ilikutana na ng'ombe na vumbi la 1975, ile alama ya kuchomelea ni ya fundi aliyekesha. Ukiipaka rangi mpya umefuta ushahidi. Mimi naamini orijino si vile gari ilitoka kiwandani peke yake, ni pamoja na vile iliishi, na hapo tutabishana hadi kesho na wale wa kufuata katalogi.

Haya, kitu cha mwisho kabla ya chai ni tairi, hapo mimi sina huruma kabisa. Nimeona mtu amehifadhi tairi za kwanza za gari eti ni orijino na bado anaendesha nazo, rasta, ile michoro ya kushika barabara, ziko poa lakini mpira umekuwa kama ubao. Kwa ubavu wa tairi kuna herufi DOT na mwishoni namba nne, ikisoma 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi za zamani ziweke ukutani kama picha, za barabarani nunua mpya. Sasa pale mlangoni nimeweka nne, za gari tofauti, kila mtu aende asome aniletee mwaka, na mwenye atapata ile yenye namba tatu tu, hiyo ni ya kabla ya 2000, aniambie nani alikuwa anaiendesha jana kwa barabara ya Nyahururu maana nimeitoa kwa gari yake asubuhi na yuko hapa ndani.