Dirisha Peke Yake Halitoshi

Wazee, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, habari za asubuhi.

Juzi nilimtembelea mzazi mmoja hapa Mbagala, chumba cha kupanga. Nikampokea kichanga, na kabla sijamtazama vizuri nikasikia harufu: khanga aliyofunikwa inanuka sigara. Mama havuti. Baba anavuta, tena dirishani, akiamini moshi wote unakwenda nje.

Hauendi wote. Sigara ikiwaka tu kati ya vidole, ncha yake inafuka moshi ambao haujapita kwenye kichungi chochote. Unaingia kwenye pazia, godoro, chandarua. Feni inauzungusha humo humo. Una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kuleta saratani. Kichanga anapumua haraka kuliko sisi, na hawezi kuinuka akatoka. Ndiyo maana tunawaona hapa na nimonia, pumu, masikio yanayotoa usaha. Na hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini inaongezeka.

Wakubwa nao hawajasalimika. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta, kwa miaka 14. Wenye waume wavutaji wakubwa walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawavuti. Sigara hawakutia mdomoni. Waliishi tu na waume zao.

Sasa najua mnachowaza: nesi, nitamwambiaje baba mkwe asivutie ndani? Mkamwana hawezi. Basi aseme mumeo, au mtume mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, hapo hakuna kukoseana adabu. Na litajwe la mtoto, lisitajwe la sigara: “Babu, mdogo wangu ana kifua, kiti chako tumekiweka chini ya mwembe.” Kiti kiwepo kweli, mbali na mlango, na chai apelekewe huko huko. Mzee akijiona amefukuzwa atarudi ndani. Akiona ametengewa nafasi yake, atakaa. Akimaliza anawe mikono, abadili shati, ndipo ampakate mjukuu.

Wapangaji, korido ni ya wote. Mnakaa kikao cha LUKU, cha kuchangia umeme; hili nalo liwekeni humo.

Yule baba nilimweleza hayo hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza khanga ile ifuliwe kwa sabuni gani. Nikamwambia yoyote, na pazia pia.