Mashine Ikikunyima, Umshike Nani?

(Mhadhara uliotolewa barazani, Lamu, baada ya swala ya Isha)

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, ahsanteni kwa kuniachia baraza. Na mama zangu mlioko darini nawasikia, msinicheke mapema.

Juzi niliijaribu programu ya simu inayoandika unachosema. Nikaiambia kwa Kiamu chetu: "Mwanangu aumwa ni mato," yaani macho. Ikaandika *moto*. Haya, chekeni. Lakini programu kama hiyo ikiwekwa zahanati ipange nani aonwe kwanza, mtoto anayeumwa macho atatiwa kundi la walioungua. Ataulizwa nani? Daktari? Aliyeiuza? Au aliyeiunda, ambaye neno *mato* hajapata kulisikia?

Wataalamu wenyewe wa mashine hizi, za akili bandia, hawasafiri chombo kimoja. Geoffrey Hinton, mmoja wa wawili waliopata Nobel ya Fizikia 2024, aliondoka Google mwaka 2023 apate kusema wazi hofu yake kwamba akili bandia huenda ikatushinda nguvu. Yann LeCun, waliyepewa naye Tuzo ya Turing ya 2018, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, aona hofu hiyo imetiwa chumvi. Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, asema tutazame watu wanaoumizwa leo. Mimi niko kwa Gebru. Hinton simbishii, ila wangu wameshaanza kuumia.

Nina jirani mvuvi. Aliomba mkopo kwa simu, anunue mashine ya boti. Akakataliwa kabla hajaiweka simu chini, sababu hakuambiwa. Nashuku ni kusi, upepo wa msimu: bahari ikichafuka hatoki, na miezi hiyo simu yake haiingii pesa. Sisi twajua kusi ikisha atalipa. Mashine yaona mtu asiye na kipato.

Ulaya jambo hili wameliona. Sheria yao ya akili bandia, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inahesabu kupima nani akopesheke kuwa ni matumizi ya hatari kubwa. Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake Julai 2024, na Kenya ikazindua wake Machi 2025. Ni sawa, lakini mkakati haumpeleki mtu mahakamani.

Kinachompeleka tunacho tangu 2019, nacho ni Sheria ya Kulinda Data. Fungueni kifungu cha 35. Kinasema una haki usiamuliwe na mashine peke yake katika jambo linalokugusa kwa uzito. Haki hiyo ina milango yake ya kuipita, kama mkataba au ridhaa yako, na ridhaa ndiyo ile tunayobonyeza bila kusoma. Hata hapo, aliyekuamulia apaswa kukujulisha kwa maandishi, nawe waweza kumtaka aangalie upya, au atoe uamuzi mwingine usiotegemea mashine pekee.

Nani hapa amewahi kudai hivyo? ... Mikono yote imelala. Hata wangu, msinitazame hivyo.

Basi barua ya kudai hivyo nimeiandika, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Nakala ziko kwa kijana pale mlangoni. Jirani yangu ataipeleka yake Jumatatu, nami nitafuatana naye.