Ulizeni Gari Limekunywa Nini

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliostaafu, shikamooni, na wadogo zangu habari za asubuhi.

Kabla sijaanza nina ombi moja. Mliokuja na magari, yale yaliyoegeshwa chini ya miembe, naomba asiyawashe mtu mpaka tumalize. Yaacheni yapoe kabisa. Nitayahitaji.

Mimi si fundi. Nafundisha Fizikia kama wengi wenu mnavyojua, na nimemiliki magari manne katika miaka 22, yote yametumika Japani kwanza. Nimekubali mwaliko huu kwa sababu najua wengi wenu mmejaza fomu za mkopo wa gari mwaka huu, na najua mkopo huo utakatwa kwenye mshahara kwa miaka mingi hata kama gari lenyewe litakuwa limelala gereji juu ya mawe. Jambo hilo limeniumiza mimi, na sitaki limuumize mwingine.

Kwenye chumba cha walimu nasikia maswali yale yale. Namba gani, D au E? Limetembea kilomita ngapi? Linakula mafuta? Rangi ni ya kiwandani? Siyadharau. Lakini namba inatuambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haituambii liliundwa lini. Gari la 2004 linaweza kutembea na namba E. Kilomita zinarudishwa nyuma, na anayerudisha hatokwi hata jasho. Rangi inapigwa mwisho wa wiki mmoja, Jumatatu gari linang'aa. Swali ambalo sijalisikia bado ni hili: gari hili limekuwa likinyweshwa nini?

Ukiacha petroli au dizeli, gari linakunywa vitu vitatu vikubwa: maji ya rejeta yanayopoza injini, oili ya injini na mafuta ya gia boksi. Magari mengi niliyoyaona yakifa hayakufa kwa ajali wala kwa uzee. Yalikufa kwa sababu mtu alibana pesa kidogo kwenye kimoja kati ya hivyo vitatu. Nitakaa sana kwenye maji, kwa sababu ndiko nilikoumia.

Desemba 2011 nilikuwa naipeleka familia Njombe. Gari nilikuwa nalo kwa miezi minne tu, nimelinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyeniambia injini haijawahi kufunguliwa. Mjini halikuwahi kunisumbua. Mnaoijua Kitonga mnaijua: mlima unapinda na kupinda, malori ya kwenda Tunduma yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na huna mahali pa kulipita lori. Tulikuwa nyuma ya lori la saruji, AC imewashwa, watoto wamelala. Nikaona mshale wa joto umepita katikati. Nikajiambia tufike juu kwanza, huko nitapumzisha. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ningependa mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Tulipofika juu mvuke ulikuwa unatoka pande zote za boneti, na injini ilikuwa imeshaanza kugonga.

Tulivutwa hadi Iringa. Fundi, kijana mtulivu sana, alisubiri lipoe, akafungua rejeta, akachota maji kwa kikombe cha plastiki akanionyesha. Yalikuwa mekundu mazito kama maji ya mto wakati wa masika, na chini ya kikombe palibaki chengachenga za kutu. Halafu akafungua makazi ya themostati. Ndani hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe.

Nimekuja na themostati yangu hapa, tuiangalie. Pitisheni mkono kwa mkono. Ni kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, kina springi, na katikati kuna kimfuko chenye nta. Sasa naomba mniangalie. Nimebandika sufuria kwenye jiko hili la gesi, maji yameanza kutoa mapovu madogo, bado hayajachemka. Naitumbukiza themostati nikiwa nimeifunga uzi, isiguse chini. Mnaona imefunga. Subirini. Kipimajoto kinasoma 78. Themanini. Mwalimu wa mbele, soma kwa sauti. Themanini na tatu, na mlango umeanza kufunguka. Nta imeyeyuka, imetanuka, imesukuma mlango. Hakuna umeme wala kompyuta hapo. Nikiitoa, itajifunga yenyewe.

Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha kuyaruhusu. Injini hizi zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto hilo. Ukiitoa, injini inakuwa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka mapema. Mwenye gari analalamika linakula mafuta, anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozeli, na tatizo liko palepale.

Kwa nini basi mafundi wetu wanaitoa? Kwa sababu gari likichemsha, kuitoa kunatuliza dalili. Rejeta yangu ilikuwa imeziba nusu. Aliyekuwa na gari kabla yangu alikuwa analijaza maji ya kisima, maji ya chumvi yale ambayo sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanayajua, na mnajua yanavyofanya birika: linaota ukoko mweupe. Mirija ya rejeta ni myembamba kuliko mrija wa soda. Fikirieni ukoko ule ndani yake kwa miaka mitatu. Kwenye foleni ya mjini, rejeta iliyoziba na injini isiyo na themostati vinajikongoja pamoja na huoni kitu. Siku ukiomba nguvu ya mlima, na watu watano, na mizigo, hakuna nafasi iliyobaki.

Mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, na najua anataka kusema nini. Zamani mliendesha Land Rover 109 mkajaza maji ya mtoni na ikafika. Ni kweli, mzee. Injini ile ya petroli ilikuwa chuma kitupu, bloku na silinda hedi inayokaa juu yake. Injini ya IST na ya Vitz nyingi ni alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo ikizidiwa inapinda, na gasketi iliyo katikati inaachia. Na alumini ikikutana na maji yenye chumvi inaliwa. Silinda hedi yangu ilibidi ikachongwe kwa mashine ili inyooke, gasketi mpya, rejeta mpya, pampu ya maji mpya. Tulilala Iringa siku tano. Pesa niliyolipa ilikuwa ya bati za nyumba ya mama yangu, na mama alikaa msimu mwingine mzima wa mvua chini ya paa lile lile.

Kwa hiyo jazeni kulanti, ule umajimaji maalumu wa rejeta, na ichanganywe na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Muwe waangalifu dukani, msije mkapewa asidi. Rangi isiwadanganye: pinki, nyekundu, kijani ni rangi tu, kila kiwanda kinaweka yake. Someni kopo limeandikwa ni la gari gani, na msichanganye aina mbili. Mkiishiwa porini, maji ya mvua au ya chupa ni bora kuliko ya kisima, lakini mkifika mjini yamwagwe, msiyaache humo.

Na kile kifuniko cha rejeta kiheshimiwe. Juu yake kuna tarakimu, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha mgandamizo kinaouzuia. Kwa sababu ya mgandamizo huo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia hadi karibu 120. Mpira wake ukichoka, uvumilivu huo unapotea, na bei ya kifuniko haifikii hata nusu tenki la petroli.

Sasa gia boksi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Neno "haidroliki" limeua gia boksi nyingi. Mtu anaingia dukani anasema nipe haidroliki ya gia boksi, anapewa kopo la mafuta mekundu, yanamwagwa ndani. Kwa gari la zamani lenye gia boksi ya otomatiki ya kawaida huenda lisidhurike. Lakini magari mengi tunayonunua sasa yana gia boksi aina ya CVT. Chukueni IST: ile ya kwanza iliyotoka 2002 ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne, na ile iliyofuata, ya kuanzia 2007, nyingi ni CVT. Jina moja, vinywaji viwili tofauti. Ndani ya CVT hamna gia mnazozifikiria. Kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na puli zinapanuka na kusinyaa. Mkanda usiteleze, lakini chuma kisisagane na chuma. Mambo hayo mawili yanategemea mafuta, na mafuta ya CVT yametengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ukiweka mengine mkanda unateleza, puli zinakwaruzika, na unaanza kusikia mlio kama wa nyuki gari likipanda. Nissan X-Trail ya toleo la T31 yenye CVT inataka mafuta yanayoitwa NS-2. Imeandikwa kwenye kitabu chake. Tafuteni jina kamili la mafuta ya gari lenu, liandikeni kwenye karatasi, mwende nayo Gerezani kule Dar es Salaam au kwa muuza spea wa hapa Morogoro, na simameni pale kopo linapofunguliwa. Kopo, si dumu lililokwisha funguliwa.

Oili ya injini sitakaa nayo. Mnajua kuibadilisha. Niseme tu kwamba 5W-30 na 20W-50 si suala la bei. Namba ya kwanza inaeleza wepesi wake injini ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ina njia nyembamba za oili, na ukiweka nzito asubuhi inachelewa kufika juu. Kuna mafundi wanaoweka nzito kusudi, ili injini iliyochoka isitoe moshi siku ya kuuzwa. Hilo mlijue mkiwa wanunuzi.

Na tukifika kwenye kununua: mwambieni dalali mtakuja alfajiri, na gari lisiwashwe. Mkifika, wekeni kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, rudini kesho. Anayelipasha gari moto kabla hujafika ana jambo ambalo gari lingelisema likiwa baridi. Likiwa baridi, fungueni kifuniko cha rejeta mtazame rangi ya maji. Fungueni kifuniko cha oili: mkiona utando mweupe mzito kama uji wa lishe, maji yanaweza kuwa yameingia kwenye oili, msinunue kwa haraka. Washeni, rejeta ikiwa wazi. Mapovu yakija mfululizo bila kukoma, gasketi imeachia. Rudisheni kifuniko, shikeni mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja na bado ni wa baridi, ni ugonjwa huo huo. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni kulanti. Kisha mtoe gia kwenye P kwenda R, kwenda D, mguu ukiwa kwenye breki, na mhesabu. Likikaa sekunde mbili tatu kabla ya kushika, au likishtuka kama limesukumwa, gia boksi imechoka.

Baada ya hapo endesheni kama dakika 20. Kwa gari lenye mshale, mshale upande na usimame chini kidogo ya katikati, usicheze. Ukibaki chini kabisa, huenda themostati ilishatupwa, na mnapaswa kujiuliza ilitupwa kwa nini. Vitz na Passo nyingi hazina mshale, zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya joto tu. Wenye magari hayo nawaonea huruma kweli, kwa sababu taa nyekundu ikiwaka mmeshachelewa. Kwenu, kuangalia maji kila Jumamosi kuwe kama kufua sare za watoto.

Mwalimu ameuliza afanye nini ikiwaka njiani. Zima AC, washa hita hadi mwisho ingawa utaungua humo ndani, maana inavuta joto kutoka kwenye injini wakati unatafuta pa kusimama. Usitafute mbali. Simama, zima. Usimwagie injini maji ya baridi, alumini inaweza kupasuka. Usiguse kifuniko kwa nusu saa, na zaidi ya hapo kama bado kina moto. Kisha tumia kitambaa kizito, zungusha kidogo, acha kipumue, ndipo umalizie. Nimemwona mtu aliyefungua mapema. Uso wake ulichukua miezi kupona.

Saa yangu inaonyesha tumekaa zaidi ya saa moja na nusu. Magari yale chini ya miembe yatakuwa yamepoa sasa. Naomba kila mwenye gari achukue kitambaa kimoja na kikombe kimoja cha plastiki hapa mezani, tutoke pamoja, tuanze na lile la mwenyekiti.