Color bila u: acheni kunisahihisha

Haya, karibuni tena. Leo sikupanga kurekodi, ila maoni yamezidi: "Dada, mbona unaandika color? U imekwenda wapi? Marekani imeshakuharibu." Najua nikijibu mtasema najishaua, nikinyamaza mtasema Kiingereza kimenishinda. Bora nijibu.

Color si kosa. Noah Webster, Mmarekani, kwenye kamusi yake kubwa ya 1828 aliitoa hiyo u, na centre akaiandika center. Wala hakuzua. Zamani Waingereza wenyewe waliandika honor na honour, zote mbili, hawakugombana. Webster alichagua upande tu. Na alipotaka tongue iandikwe tung, Wamarekani walimkatalia. Watu wakiikubali inakaa, wasipoikubali inakufa. Ndiyo maana color inapita, ila ukiandika "kolor" umekosea huku na huko.

Na nyie mnaosema organize kwa z ni Umarekani, kamusi ya Oxford ndiyo inayoitanguliza hiyo z. Wakanada nao wanaandika colour kama tulivyofundishwa sisi, halafu tairi la gari wanaandika tire kama Wamarekani. Sasa nani amsahihishe nani?

Tena spelingi iliyonila hela wala si hiyo. Ni Saidi, jina la baba. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, pasi inasema Said. Herufi moja! Ofisi moja hapa ikanirudishia fomu, ada haikurudi. Kaka yangu Tanga akahangaika na wakili, kiapo, muhuri, kisha kutuma kwa njia ya haraka, bei yake siitaji maana mama huwa anaangalia hizi video. Yule karani wa dirishani hata usoni hakunitazama. Na barua niliyoambatanisha ilikuwa na colour yenye u yake, hakuna aliyeishtukia.

Msininukuu vibaya lakini. Kama uko nyumbani na una mtihani wa taifa, andika ulivyofundishwa, msahihishaji hana habari na Webster. Ukiomba chuo huku, mimi ningefuata ya kwao mwanzo mpaka mwisho, nisiweke colour aya ya kwanza na center aya ya pili. Hayo ni yangu, kila mtu na fomu zake. Ila majina kwenye vyeti, jamani, yakagueni kabla hamjalipia chochote.